Watoto waambiwe pia nani anachafua na nani anaumia

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Shuleni kwenye somo la mabadiliko ya tabianchi watoto wanaambiwa wapande miti, wasitupe plastiki hovyo, sawa kabisa, ila mbona somo linaishia hapo? Mtoto anatoka darasani akidhani joto lote hili kalileta yeye na chupa yake ya maji, wakati Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, hewa ile inayoongeza joto, na bado kimbunga Idai mwaka 2019 kiliua watu zaidi ya elfu moja Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Hapo kuna suala la haki jamani.

Waambiwe kwamba 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, Denmark, nchi tajiri ziliahidi kuwa ikifika 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini kukabili tabianchi, mwaka ukafika hela haijatimia, ikaja kutimia 2022.

Mwalimu achore tu ramani ubaoni, huku nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta miaka na miaka, kule visiwa kama Tuvalu, huko bahari ya Pasifiki, ambavyo bahari inazidi kuvipandia, halafu aulize: nani alipe? Watabishana mpaka kengele ilie, na hapo ndo wanajifunza kweli. Kuna wazazi wanasema hiyo siasa, itawatisha watoto. Mi nakataa, watoto wanaona ukame na mafuriko kwa macho yao, kinachowatisha ni kutoelezwa.

Wenye mitaala, tunaomba swali hilo liingie mpaka kwenye mitihani.

Mzazi, msomaji wenu