Majibu ya maji yatoke pamoja na karatasi ya kisimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila nisomapo habari za upimaji wa maji ya chini ya ardhi. Tunaambiwa sampuli zimechukuliwa kwenye visima vya uangalizi, maabara imepima, maji ni salama. Habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza maji hayo yalichotwaje.

Mimi ni mchotaji wa sampuli hizo. Kisima cha uangalizi ni bomba jembamba lililozamishwa karibu na dampo, kituo cha mafuta au kiwanda ili ijulikane kama uchafu unasafiri chini kwa chini. Hakitumiki kila siku, kwa hiyo maji yaliyomo bombani yamelala: yameonana na hewa, gesi zimetoroka. Anayetumbukiza kichoteo na kujaza chupa papo hapo amepima bomba, ardhi hajaipima.

Kwanza tunapima kina cha maji kutoka mdomo wa bomba. Kisha tunayatoa yaliyolala. Bomba la kipenyo cha sentimita 5 hubeba takriban lita 2 kwa kila mita ya maji. Likiwa na mita 10 za maji, ni lita 20, na desturi ya siku nyingi ni kutoa ujazo huo mara 3, yaani lita 60. Wengine hutumia pampu ya mwendo wa pole, wakasubiri pH (kipimo cha uchachu wa maji), oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme vitulie. Kusubiri huko kunachosha, na ndiko watu wanakoiba muda.

Chupa nayo ina masharti yake. Ya kupimia benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli na inayoruka hewani upesi, ni ya kioo, mililita 40. Unaijaza mpaka maji yavimbe mdomoni, unafunga, unaipindua na kuigonga kwa kidole. Kikipanda kiputo, hiyo haifai, chukua nyingine, maana benzini itahamia kwenye hewa ile. Sampuli ya naitreti, uchafu utokanao na mbolea na vinyesi, isiyotiwa asidi ya kuihifadhi ina saa 48 tu, tena ikiwa kwenye barafu.

Makosa hayafichi uchafu tu, huweza pia kumsingizia mtu. Ukomo wa sumu ya aseniki katika maji ya kunywa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kidogo mno. Tope likiingia kwenye chupa ya kupimia metali, asidi iliyotiwa humo kuhifadhi sampuli huyeyusha madini yaliyoshikamana na udongo, na namba ikapanda ilhali maji yenyewe hayana neno.

Ombi langu ni kwa waandishi wako. Mkipewa majibu, dai karatasi ya kisimani: kina cha maji, lita zilizotolewa, vipimo vilivyotulia, saa ya kuchota, na saini za kila aliyepokea sanduku mpaka maabara. Ulizeni pia majibu ya chupa ya maji safi iliyosafiri pamoja na sampuli. Hiyo ikikutwa na benzini, basi uchafu umeingia njiani au mikononi mwetu, na kazi irudiwe.

Kazi iliyofanywa sawasawa huwa na karatasi hiyo kwenye jalada lake. Wenye nayo waitoe, na gazeti liichapishe kando ya majibu.

Mchotaji wa sampuli za maji