Elbo ya plastiki kwenye mashine ya boti yako

Lindi

Rafiki yangu mpendwa,

Salaamu nyingi kwako na kwa wote hapo Mikindani. Sisi hatujambo, ila upepo wa kusi umeshika na safari zimepungua. Niliposoma kwamba umenunua boti yenye mashine ya dizeli iliyokwisha kutumika, na kwamba fundi ameipitia akasema haina kasoro, nimeona nisichelewe kukuandikia, kwa kuwa maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Tulikuwa tunarudi kutoka Kilwa, ghuba ya Lindi ikiwa imeshaonekana, nikasikia harufu tamu kama ya sukari inayoungua. Nilitazama geji ya joto: ilipanda kidogo, kisha ikashuka, nami nikatulia. Hapo ndipo nilipokosea. Kihisio cha geji hupima joto la maji ya kupozea mashine yanayokigusa, na maji yakishamwagika hubaki kupima hewa, hivyo mshale unaweza kushuka wakati chuma chenyewe kinaungua. Mashine ilizima yenyewe, na tukavutwa na wavuvi hadi ufukweni. Silinda hedi, yaani kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda, ilikuwa imepinda, na chanzo chake kilikuwa elbo ya plastiki (kipande cha bomba kilichopinda) inayotoka kwenye nyumba ya themostati (vali inayofunguka na kufunga kufuatana na joto la maji), iliyopasuka kwa urefu kwenye mshono wake.

Plastiki ile ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nayo ni imara ikiwa mpya, lakini kuchemka na kupoa kila siku, pamoja na kulanti ya moto, yale maji ya kupozea yenye dawa, inayoila kwa ndani, huifanya iwe kavu kama kifuu, hata klampu, ile pete ya kubania mpira wa maji, ikikazwa kupita kiasi inatosha kuipasua. Ufa huo hufumba mashine ikipoa na hufumbuka maji yakiwa ya moto na yenye shinikizo, ndiyo maana fundi aliyekagua asubuhi aliona pakavu. Ukitaka kuujua, tafuta ukoko mweupe au wa kijani ulioganda pembeni mwa klampu, maana hayo ni mabaki ya kulanti iliyovuja ikakauka. Mimi niliuona ukoko huo wiki mbili kabla, nikaufuta kwa kitambaa nikidhani ni chumvi, na mpaka leo unaniuma.

Sikuambii uing'oe kila plastiki. Upande wa maji ya bahari yanayovutwa kuipoza mashine, kabla hayajapata moto, plastiki nzuri haishiki kutu, na ni afadhali kuliko shaba ya njano, ambayo chumvi huinyonya zinki yake ikabaki ya kumeguka. Ninachokuomba ni vile vipande vya upande wa moto: elbo na nyumba ya themostati. Vibadilishe vyote hata kama vinaonekana vizima, kwa sababu umri wake huujui, na ukipata vya chuma kinachofaa, chukua hivyo. Mashine ikiwa ya moto, kamwe usifungue kifuniko cha kulanti, kwani maji yaliyobanwa humo yataruka usoni.

Ile elbo yangu sikuitupa. Nimeifunga kwenye gazeti na nitampa dereva wa basi la Mtwara kesho akuletee. Ibonyeze kwa kidole gumba kwenye ukingo, utaona inavyomeguka, kisha ukaiguse ya kwako.

Nduguyo,
wa Lindi