Risala kwa Mgeni Rasmi: Rafu Moja, Harusi na Ushuru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wetu wa dini,
Walimu, makungwi na masomo, wafundaji wa wari wetu, mliotuheshimu kwa kuja,
Wanakikundi, mabibi na mabwana,

Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wazee waliokaa mbele, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua Jumamosi hapa Tanga ni siku yenye harusi tatu na khitima mbili, na kila mwenye shughuli angependa akuone. Umezipita zote ukaja kukata utepe wa kabati la vitabu. Hilo hatutalisahau, na wenye harusi tutawaomba radhi kwa niaba yako.

Kikundi chetu cha kusoma hakina historia ndefu. Kilianzia kibarazani kwa fundi cherehani, watu saba na gazeti la jana. Mmoja alisoma kwa sauti, waliobaki walibisha. Siku moja mama lishe wa jirani alikuja analia: kuku wake wanakufa, shingo zimepinda, na kila mtu mtaani ana dawa yake. Huyu kasema pilipili, yule kasema majivu. Mzee mmoja akaondoka kimya, akarudi na kijitabu cha ufugaji kilicholiwa na mende pembeni, akatusomea ukurasa wa kideri. Kumbe ugonjwa ule hauna tiba, una chanjo tu, na chanjo hupewa kuku akiwa mzima. Wale kuku walikwisha. Waliofuata waliishi, na supu yao baadhi yetu tumeinywa. Tangu siku hiyo tuna sharti moja: anayekuja hapa hatumdai kitabu, tunamdai swali. Kitabu tutakitafuta pamoja.

Ndiyo maana rafu uliyoizindua haina riwaya. Tusieleweke vibaya. Riwaya tunazisoma, na umeme ukikatika tunaendelea na tochi ya simu. Ila hadithi zina watetezi wake: shuleni zinatahiniwa, zina tuzo, zina mashabiki. Vitabu vya maarifa, vya ndoa, afya, sheria, mifugo na biashara, vinakaa kama mgeni asiyekuwa na mwenyeji.

Rafu yenyewe imetengenezwa na seremala mwanakikundi kwa mbao za mtiki zilizobaki alipomaliza kitanda cha bibi harusi. Mwenzetu aliyestaafu kazi ya ukutubi ndiye aliyetupangia vitabu kwa namba za Dewey, ule mpangilio wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876 ambao maktaba nyingi duniani zingali zinautumia. Hapo ndipo tulipocheka. Mila za harusi ziko namba 392. Sera ya biashara ya nje iko 382. Katikati yao wamekaa posta, reli, meli na mavazi, kwa hiyo kwenye kabati dogo kama letu kungwi na afisa forodha wanagusana mabega. Tulidhani ni mzaha wa namba. Mwaka mmoja wa kusoma umetuonyesha vingine.

Nianze na harusi, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kumwandikia mwari mawaidha si jambo lililokuja na kicheni pati. Mwaka 1858, kule upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa namna ya kuishi na Mungu wake, wazazi wake, watu na mume wake. Sisi tuliusoma Jumamosi mbili. Kungwi wetu mmoja, ambaye herufi za Kiarabu anazisoma vizuri kuliko hizi za kizungu, alisikiliza mpaka mwisho akasema hakuna kilichopungua. Mwalimu kijana wa shule ya msingi akanyoosha mkono: "Kimepungua kimoja, bibi. Huyo mume kafundwa na nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko, wanaume tukiwamo, ingawa chetu kilikuwa kifupi kidogo. Mzee mmoja akakumbusha kwamba Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alimtungia mwanawe wa kiume utenzi wa mawaidha. Tukautafuta wiki mbili. Nakala hatukuipata. Swali la mwalimu likaandikwa daftarini.

Kitabu kilichotusumbua zaidi, kwa wema, ni kile cha desturi za Waswahili chenye maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mtoro alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ndani ya kitabu kimoja mna uzazi, ngoma, posa, kilemba cha baba na mkaja wa mama, zile ada za harusi, halafu ukifungua kurasa nyingine unakuta madeni, misafara ya bara na biashara yake. Yeye hakuona haja ya kutenganisha. Mtu wa pwani wa wakati ule alioa kwa fedha ya safari, akasafiri kwa deni, na deni likamkuta nyumbani kwa mkewe. Sisi leo ndio tuliogawa: mambo ya ndoa ya kina mama, mambo ya ushuru ya wakubwa.

Kutoka mila tukaingia sheria. Tuliisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa nakala ya Kiingereza, mwalimu akitufasiria sentensi baada ya sentensi. Mambo mengi yalipita bila kelele. Kwamba nia ya kufunga ndoa inatakiwa itolewe taarifa angalau siku 21 kabla, sawa. Kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikukamilika, hapo baba mmoja alikohoa. Lakini alipofika kifungu cha 59, kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, dada mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliomba arudiwe. Akarudiwa. Akaomba tena. Kisha akachukua kalamu ya jirani yake akaandika kiganjani: 59. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mheshimiwa, tangu mwaka 2021 sheria yetu inasema lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Tulifurahi kuliko siku ya ushindi wa Coastal Union. Kilichobaki ni karatasi yenyewe kufika mikononi mwa yule dada, asome mwenyewe bila kutegemea mwalimu wala kiganja.

Sasa ushuru. Mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yake, mwanakikundi wetu alikuja na kikaratasi cha bajeti: mafuta ya kula ya pilau, sukari, vitenge vya sare, kitanda na kabati. Bei zote zimekimbia. Hakuomba mchango, tayari kamati ilikuwa imeshatukamua. Aliuliza: nani anayepanga hivi vitu viuzwe hivi? Jumamosi tatu tulisoma habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tukaona kwamba tangu mwaka 2005 nchi wanachama zina ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya: malighafi asilimia 0, vilivyotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Julai 2022 likaongezwa daraja la nne, asilimia 35, na tulipopitia kilichowekwa humo tukakuta samani, nguo, sukari na mafuta ya kula. Yaani kikaratasi cha mama harusi, karibu chote.

Tulibishana sana hapo. Seremala aliunga mkono, maana samani za nje zikipanda, vitanda vyake vinatoka. Muuza vitenge alikasirika. Mstaafu mmoja akatueleza kwamba mambo si mepesi hivyo: kila mwaka wa fedha nchi huomba ruhusa ya kutoza kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na bei ya dukani ina nauli na thamani ya dola ndani yake pia. Hatukumaliza ubishi. Ila mama harusi alikunja kikaratasi chake akasema, "Kumbe Waziri wa Fedha naye yumo kwenye kamati ya harusi, tena hajatoa mchango."

Mwingine ni mfanyabiashara wetu wa machungwa. Anayanunua Muheza, anayavusha Horohoro, anayauza Mombasa. Kwa misimu mitatu alimlipa kishoka mmoja, wakala asiye rasmi, pale mpakani "pesa ya karatasi," hajui karatasi gani. Tuliposoma utaratibu wa wafanyabiashara wadogo tukakuta kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, una fomu yake fupi ya cheti cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, mwenye mali anaijaza mwenyewe, na ushuru wa forodha hatozwi. Cheti cha afya ya mimea bado anatakiwa awe nacho, na hilo tulimwambia bila kumficha. Leo kivuli cha ukurasa ule anakibeba kibindoni, kimefungwa kwa nailoni. Kishoka sasa anamwamkia shikamoo.

Yapo na mambo ya afya, na hapa nitapita haraka. Wazee wetu wawili walikuwamo kwenye vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya vya mwaka 1973, redio katikati, kitabu mkononi, watu wanasikiliza, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Katika taifa zima, watu wapatao milioni mbili walisoma habari za malaria na kichocho namna hiyo. Mmoja wao anasema bado anakumbuka kipi kilikuwa kwenye picha ya ukurasa gani. Sisi tulidhani tumebuni kitu kipya pale barazani kwa fundi. Wazee walituacha tuseme, baadaye ndipo wakatuambia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala bila changamoto mtu hudhani imeibwa mahali. Yetu kubwa si uhaba wa vitabu peke yake. Mwaka juzi msamaria mwema alituletea maboksi sita ya vitabu kutoka ng'ambo. Tuliyapokea kwa ngoma. Tulipofungua tukakuta mwongozo wa kujaza fomu za kodi za Marekani, tena za miaka iliyopita, kitabu cha kutunza maua wakati wa theluji, na kimoja kizuri sana cha maandalizi ya harusi kinachofundisha namna ya kuwapanga wageni 80 mezani. Kwetu 80 ni kamati. Hatumlaumu aliyetoa, alitoa alichokuwa nacho. Tunachosema ni kwamba hakutuuliza, na sisi tungemjibu kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kwa hiyo maombi yetu ni machache. Kila Julai viwango vya ushuru na tozo vinapobadilika, tunaomba muhtasari wake kwa Kiswahili ubandikwe ofisi ya kata na nakala moja itufikie, kabla vishoka hawajautafsiri wao. Tunaomba sheria zinazogusa nyumba za watu, ya ndoa, ya ardhi na ya mirathi, tuzipate kwa Kiswahili katika rafu hii, hata kama ni nakala za kudurufu. Wafadhili wakija ofisini kwako kuuliza shule gani wapeleke vitabu, tunaomba uwatajie na sisi, na uwaambie waje na orodha mkononi iwe tupu, tuijaze wenyewe. Na chumba hiki cha Jumamosi, Mheshimiwa, taa moja imeungua. Tungeweza kununua wenyewe, lakini dari ni refu na ngazi ni ya serikali.

Mwisho, tumekuandalia zawadi ya kanga, na katibu msaidizi atakupa pia daftari letu la maswali ulifungue. Ukurasa wa leo una manne ambayo hayajapata kitabu. Mjane anauliza nani anaanza kwenda wapi kufungua mirathi. Kijana wa bodaboda anauliza bima yake inamlipa abiria au inamlipa mwenye pikipiki. Mkulima wa mihogo anauliza ugonjwa wa batobato unatoka kwenye udongo au kwenye mbegu. La nne ni lile la mwalimu, la bwana harusi kufundwa na nani, bado liko pale pale, na wino wake umeanza kupauka. Mstari wa tano tumeuacha wazi. Kalamu ipo mezani, karibu na glasi yako ya maji.

Tunaomba kuwasilisha.