Plagi imechomolewa, lakini moto bado umo ndani

Mhariri,

Mwezi uliopita, kwenye banda la ufundi linalopakana na langu hapa Morogoro, kijana anayejifunza kazi alirushwa na maikrowevu hadi akaangukia stuli. Plagi ilikuwa imechomolewa zaidi ya nusu saa. Aliungua vidole viwili, na mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Tukiwa bado tunampepea, fundi mmoja wa siku nyingi akacheka: "Sasa umekuwa fundi. Ambaye hajapigwa shoti bado hajaanza kazi."

Kauli hiyo naisikia tangu enzi ninatumwa dukani kununua risasi ya kulehemu, na inaniumiza. Kijana yule hakufanya uzembe. Alifanya alichofundishwa: chomoa plagi, fungua skrubu. Habari za kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, hakuna aliyemwambia.

Transfoma ya maikrowevu hupandisha umeme wetu wa volti 230 hadi kama 2,000, kisha kapasita na dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) huufikisha karibu 4,000. Ukichomoa plagi, chaji hubaki kwenye kapasita. Kwa kawaida ndani yake mna rizista ndogo ya kuimaliza polepole, ila ikikatika huwezi kuiona kwa nje. Kwa runinga bapa ni vivyo hivyo: umeme ukishapita kwenye dayodi unakuwa volti 325 hivi, na unakaa kwenye ile kapasita nene iliyoandikwa 400V au 450V. Pawa saplai, yaani sehemu inayoilisha runinga umeme, ikiwa nzima huila chaji hiyo yenyewe. Iliyokufa haina kinachoila, na iliyokufa ndiyo tunayoletewa mezani. Yaani mbovu ina hatari kuliko nzima! Jambo hili nililijua nikiwa na miaka sita kazini, nami nililijua kwa kupigwa.

Wengi wetu tunaimaliza chaji kwa kugusisha bisibisi kwenye miguu ya kapasita. Inalia "pa!", ncha ya bisibisi inaliwa, njia za bodi zinakatika, na cheche za chuma zinaweza kuruka machoni. Rizista ya wati 5, yenye kiloomu mbili hivi, iliyoungwa nyaya zenye vibanio vya plastiki, inamaliza chaji ya runinga kwa sekunde chache bila kelele. Kisha pima kwa mita ukiiweka kwenye DC (umeme wa mkondo mmoja), usiguse kabla namba haijashuka karibu na sifuri. Lakini mita hizi za kawaida mwisho wake ni volti 600 au 1,000, kwa hiyo usithubutu kupima nazo volti za maikrowevu. Ambaye hajaonyeshwa maikrowevu na mtu anayeijua asiifungue kabisa.

Vua pete na saa. Mkono mmoja uweke nyuma, maana umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule unapita kifuani, kwenye moyo. Wapo wanaojivunia swichi ya kinga ya miliampia 30 ukutani, ile inayokata umeme ukivuja. Ni nzuri, kila banda liwe nayo, ila chaji iliyobaki kwenye kapasita haiioni. Na unapowasha kifaa kwa mara ya kwanza baada ya kukitengeneza, kipitishie umeme kwanza kwenye balbu ya wati 100 iliyofungwa siriizi (mfululizo na kifaa), ili kama bado kina shoti balbu iwake badala ya kifaa kuungua. Nasema zile balbu za zamani zenye waya ndani. Zinaadimika madukani, ukiiona moja, nunua.

Wateja nao nawaomba kitu kimoja: msitusimamie kichwani mkisema "fanya haraka, gari linasubiri." Dakika ya kumaliza chaji na kupima ndiyo ya kwanza kurukwa fundi anapoharakishwa.

Mafundi wenzangu wenye vijana, wiki ya kwanza mpeni mita kabla ya bisibisi. Vyuo vya ufundi vinafundisha haya, lakini vijana wengi tunaowapokea hawajapita chuoni, na banda ndilo darasa lao.

Vidole vya yule kijana vimepona na amerudi kazini. Jumatatu nilimpelekea rizista niliyoiunga vibanio, nikamwonyesha kwenye pawa saplai ya runinga mbele ya bosi wake. Bosi akaitazama sana, kisha akaniomba nimtengenezee na yeye ya kwake.

Fundi wa runinga na vifaa vya nyumbani,
Morogoro