Tubadilishane mbegu za viazi na nyanya, lakini tusigawane mnyauko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakulima wenzangu, na maafisa wa kilimo katika kaunti zetu, kuhusu mbegu.

Tangu Mahakama Kuu ya Machakos itoe uamuzi wake Novemba 2025, wengi wamesherehekea, na mimi nimo miongoni mwao. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, jinsi ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, ilimwekea mkulima aliyempa au kumuuzia jirani mbegu isiyoidhinishwa tishio la kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima 15 walikwenda kortini 2022 kuipinga, na mahakama ikakubali kwamba vifungu vilivyowabana vinakwenda kinyume cha Katiba. Na Katiba yenyewe, Ibara ya 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za kiasili na matumizi yake katika jamii. Walalamishi hao wanastahili shukrani ya kila anayekula ugali na viazi nchini humu.

Mtu akiuliza kulikuwa na haja gani ya kesi ile, namwelekeza kwenye Shangi. Nenda soko lolote, kuanzia Ol Kalou hadi Wakulima jijini Nairobi, uone ni kiazi gani kimejaa magunia. Shangi haikuenezwa na kampuni wala na kampeni ya wizara. Wakulima ndio waliopeana, debe kwa debe, kwa sababu inaiva haraka shambani na haraka zaidi chunguni. Ilipoidhinishwa rasmi mwaka wa 2015, nchi ilikuwa imeshaila miaka. Yaani kiazi kinachotulisha kuliko kingine chochote kilitufikia kwa mkono wa jirani, kitendo kilekile ambacho sheria ilikigeuza kuwa kosa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu uamuzi huo nasikia watu wakisema, tena kwa furaha, kwamba kila mtu ampe mwenzake chochote alicho nacho. Kwa maharagwe au kunde, sawa. Kwa kiazi kinachopandwa kama kiazi, hapana, tusubiri kidogo. Kiazi cha mbegu ni kipande cha mmea mama, na maradhi ya mama hukaa ndani yake. Mnyauko wa bakteria unaweza kujificha katika kiazi kinachoonekana safi kabisa, kikaja kuamka shambani kwako joto likipanda. Ukishaingia udongoni hauondoki kwa dawa, na nyanya, biringanya na pilipili hushambuliwa vilevile. Virusi navyo hurundikana msimu hadi msimu, ndiyo maana mbegu ileile ikirudiwa sana huanza kutoa viazi kama marumaru.

Anayetaka kumpa mwenzake viazi vya kupanda na aanze na shamba, asingojee gunia. Akiona mmea umenyauka ilhali udongo una unyevu, akate kipande cha shina karibu na ardhi, akining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko, na shamba hilo lisitoe mbegu. Ikiwa ni safi, achague mimea yenye afya viazi vikingali shambani, aifungie kijiti, na mbegu aitoe kwa hiyo peke yake. Kuchagua viazi vidogo baada ya vikubwa kuuzwa ndiko kunakotuharibia uzao, kwa kuwa mara nyingi vidogo ndivyo vya mmea mgonjwa.

Iko pia njia nyingine ambayo tumeisahau, nami naipenda kuliko zote. Baadhi ya aina za viazi, maua yakidondoka, huacha vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya changa. Vina sumu, watoto wasivichezee. Lakini ndani yake mna mbegu halisi, ndogondogo, na mbegu hizo hazibebi mnyauko wala sehemu kubwa ya virusi alivyo navyo mama. Zikamuliwe tunda likilainika, zioshwe, zianikwe kivulini, kisha zipandwe kitaluni kama sukuma wiki. Msimu wa kwanza utapata viazi vidogo vya kurudishia shambani. Na kila mche una kiazi chake: huyu mwekundu, huyu mrefu, huyu anahimili bakajani chelewa, ugonjwa unaochoma majani, wakati wenzake wameungua. Wengi hawatafaa, na wenye uchungu mdomoni watupwe bila huruma, maana uchungu huo ndio sumu. Mmoja ukifaa, umepata aina ambayo haijawahi kuwepo duniani.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya wataalamu. Luther Burbank alikuwa kijana mlima mboga huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1870, alipopata tunda moja la kiazi cha Early Rose. Lilikuwa na mbegu 23. Alizipanda, akachagua, na 1875 akauza haki ya kiazi chake kwa dola 150. Russet Burbank, kiazi cha chipsi cha Wamarekani hadi leo, kilitokana na hicho.

Nyanya ni rahisi zaidi, kwa kuwa ua lake hujichavusha lenyewe. Cal J, Rio Grande na Money Maker ukizitunzia mbegu zitakurudia zilezile, mradi tu usichukue tunda la mmea mgonjwa. Chotara za dukani, zile za F1 zilizotokana na kuchanganya aina mbili, hutawanyika kizazi cha pili, yaani mimea haifanani tena, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani wametapeliwa. Mtawanyiko huo ndio mwanzo wa kazi: chagua mmea unaoupenda, panda mbegu zake, chagua tena, na kufikia kizazi cha sita au cha nane utakuwa na nyanya iliyotulia, inayozaa zilezile. Kwa hali yetu ya hewa, mwenye maji ya kumwagilia hupata vizazi viwili kwa mwaka. Wenzetu wa Marekani na Australia, wakiongozwa na Craig LeHoullier na Patrina Nuske Small, wamekuwa wakitumiana mbegu za nyanya za mmea mfupi tangu 2005, wakizalisha aina mpya. Kwao Marekani kukiwa baridi, Australia ni kiangazi, basi kazi hailali. Wametoa aina zaidi ya 100, na hakuna aliyelipwa mshahara kuzizalisha.

Sisi tuna kituo cha utafiti wa viazi cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Tigoni, Limuru. Watafiti wake huchavusha maua kwa mkono na kuotesha mbegu hizo halisi ili wachague wenyewe. Naomba kila mwaka watenge sehemu ndogo ya mbegu hizo wavipe vyama vya wakulima, tuzipande Kinangop, Molo, Timau na Wundanyi, tuchague machoni mwetu, na matokeo tuwarudishie. Nasi tukipokea, tuandikiane ahadi kwamba atakayepata aina nzuri hatamzuia mwenzake kuipanda wala kuiendeleza. Wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, badala ya kutufuata sokoni, watufundishe kipimo cha glasi na kututambulia magonjwa bila malipo katika ofisi za wadi.

Bunge nalo lisingoje kesi nyingine. Lirekebishe sheria waziwazi, litenganishe mkulima anayempa jirani mbegu na tapeli anayepaka rangi mahindi ya kula na kuyauza kwenye pakiti. Huyo wa pili faini ya milioni inamfaa.

Wazee wenye viazi vya zamani ambavyo soko limevikataa, tafadhali msiviache vikapotea. Wapeni vijana wawili au watatu, kila mmoja shamba lake, na mwandike jina la kiazi, mahali kilikotoka, na tabia yake. Muguga kuna hifadhi ya taifa ya mbegu. Mbegu za nyanya na mboga zetu za kienyeji zipelekwe huko pia, zikiwa na majina tunayoziita.

Mkulima mdogo,
Ol Kalou, Nyandarua