Safari ya kulala Amani ipangwe kuanzia usiku

Mhariri,

Shule za Tanga mjini zinapoandaa safari ya kulala katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hesabu huanzia kwenye basi: nauli, viti, saa ya kuondoka. Nawasihi walimu wenzangu na wazazi waanzie usiku. Ndipo matatizo mengi hutokea, na ndipo faida kubwa ilipo. Kinyonga wa Usambara mchana unaweza kumpita bila kumwona. Usiku hulala nchani mwa kijiti, rangi imempauka, na tochi ikimmulika anajitokeza waziwazi kwenye majani. Vyura nao ndio wakati wao wa kulia. Anayewapandisha watoto huko kisha akawafungia vyumbani saa moja jioni, bora angewarudisha nyumbani.

Amani iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, mtoto aliyezoea joto la pwani hatalala kwa shuka jepesi. Anahitaji blanketi, sweta na soksi kavu za kulalia tu. Kwa mtoto mwenye selimundu jambo hili ni zito zaidi, kwani baridi, uchovu na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali usiku huohuo. Ndiyo maana fomu ya ridhaa yenye mstari mmoja wa "namruhusu mwanangu" haifai. Iulize selimundu, pumu, kifafa, mzio, dawa na saa za kuzimeza, na kama mtoto bado anakojoa kitandani. Hili la mwisho wazazi huona haya kulijibu, basi mwalimu mmoja tu alipokee kwa siri, abebe mpira wa godoro na shuka la akiba, na amwamshe mtoto kimyakimya kabla ya saa sita. Akichekwa na wenzake, safari yote imemharibikia.

Wengine hujizuia kwenda haja kwa kuogopa giza. Wekeni taa njia nzima ya chooni, waende wawili wawili, mtu mzima asimame njiani.

Kuhesabu vichwa ndani ya basi hudanganya: watoto huhama viti, mmoja akahesabiwa mara mbili, na aliyebaki msituni asijulikane. Waitwe kwa majina, na kila mmoja awe na mwenzake wa kumthibitisha. Mchana, mtu mzima mmoja kwa watoto kumi wa msingi anatosha. Usiku wawe angalau wawili wanaopokezana zamu, wa kike kwa upande wa wasichana, na asiwepo mtu mzima anayejifungia chumbani na mtoto mmoja.

Pilau lililopikwa mjini alfajiri lisiliwe jioni. Wali ukikaa vuguvugu, vijidudu vilivyosalimika kwenye moto huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pikeni hukohuko, chakula kiliwe kingali cha moto. Kwa mlo mmoja wa watoto 40, kilo 6 za mchele na kilo 3 za maharage makavu zinatosha. Maji ya kunywa yawe lita 2 kwa kila mtoto kwa siku, yaani madumu manne ya lita 20, mbali na ya kupikia na ya watu wazima.

Kuna shule zinazoruhusu basi lishuke kulala Muheza ili kuokoa fedha. Likiondoka, mtoto akibanwa na pumu usiku wa manane hamna gari la kumfikisha hospitali, na njia ile ina kona kali na huteleza mvua ikinyesha. Basi libaki, dereva alale usiku mzima bila kupewa zamu ya ulinzi, na dawa ya pumu ya kuvuta iwe kwa mwalimu anayelala jirani na mtoto huyo.

Mwalimu wa mazingira,
Tanga