Riwaya za madansi ya London, na jivu wanalolisahau

Bwana Muhariri, jambo kwako na pole na kazi.

Nimesoma ile barua mulitoa ya baba mumoja anayelia kama riwaya za mapenzi za Uingereza ya zamani, zile za magari ya farasi na mabinti wenye uchawi, zinaharibia watoto wetu kichwa. Mi ni tantini wa mutoto kama huyo. Ana miaka 16, anasoma mu telefone mpaka kuran inakatika na bado anaendelea, usiku moja nikamunyanganya telefone nikasema ngoja nione ni nini, kumbe saa tisa za usiku mi mwenyewe niko nasoma tu. Binti anasikia mawazo ya wanaume wakiwa wanacheza naye dansi! Nani hapa Goma hangetaka ile?

Baba anasema ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Hapo njo sikubali. Wakati ule, 1811 mpaka 1820, mufalme George wa Tatu alikuwa mugonjwa wa akili, mutoto wake akatawala mu nafasi yake. London kulikuwa sale ya dansi ya Almack's, kila siku ya tatu (Jumatano) usiku, na pesa peke yake haikuingizi, kikundi cha wamama wakubwa njo walikuwa wanachagua nani apate tikiti, wakikukatalia imekwisha. Si tunawajua wale wamama? Kila ndoa hapa iko nao, wanakaa kiti cha mbele wanahesabu dote ya watu. Kule binti njo alikuwa analeta mali kwa bwana, hapa bwana njo analeta ngombe, lakini wazee wanagombana vilevile. Na juu sheria ya 1753 ilikataza kijana chini ya miaka 21 kuoa bila ruhusa ya baba, wapenzi walikuwa wanatoroka mpaka Gretna Green, kule Scotland. Sisi tuko na yaka tofanda, kukaa pamoja bila ndoa.

Yangu mimi ni malalamiko ingine. Mu hizi riwaya hakuna jivu! Mwezi wa 4, 1815, volkano ya Tambora kule Indonezia ililipuka, moshi wake wa kiberiti ukafifisha jua mpaka Ulaya, 1816 wakakosa majira ya joto, mavuno yakaharibika. Hukohuko Uingereza watu wa Littleport na Ely wakaamuka juu ya njaa na bei ya unga, watano wakanyongwa. Lakini mu riwaya, mwaka uleule, keki ziko mezani na mvua inanyesha tu ili bwana apate kumuvalisha binti koti yake. Sisi tuliona lava ya Nyiragongo, volkano yetu, 2002 ikipita katikati ya muji mpaka mu ziwa, na 2021 tukakimbilia Sake na magodoro kichwani, hauwezi kutuambia volkano haifiki mu sahani. Hata ile sukari ya chai yao, biashara ya watumwa ilikatazwa 1807 lakini watumwa wa Karibi waliendelea kukata miwa mpaka 1834, na hapo uchawi wa binti hausikii kitu.

Na Mary Shelley, mwandishi wa Uingereza, je? Mwaka 1816, miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, mvua ya ule mwaka bila majira ya joto imemufungia mu nyumba na wenzake, njo akaanza kuandika Frankenstein, riwaya ya kiumbe cha kutisha.

Basi mutoto wetu naye ameanza riwaya yake, mu kaye ya masomo. Jivu linaanguka juu ya glavu nyeupe katikati ya dansi, na mutumishi mumoja tu njo analiona. Nimesoma kurasa saba, Kifaransa kimeingia kidogo, lakini nilitaka ya nane. Munaweza kumupa kona siku ya posho, kipande kwa kipande? Anauliza pia kama mutamufutia neno "njo". Nimemuambia hiyo ni wewe wa kujibu.

Tantini, Katindo, Goma